Barua kwa mwanangu: refa wa kwanza

Mwanangu mpendwa,

Salaam kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako yuko Hombolo na vibarua. Zabibu zimebeba vizuri msimu huu, kinachomkosesha usingizi ni bei. Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu wewe na wenzako wa kazini muanze kwenda Lugalo kujifunza gofu, hamna Ijumaa inayopita bila ubishi: kati ya Bobby Jones, Jack Nicklaus na Tiger Woods, nani mkubwa kuliko wote? Na wapo wanaosema Jones aondolewe kabisa kwenye mjadala, kwa sababu alikuwa mchezaji wa ridhaa, hakuwahi kucheza kwa ajili ya pesa. Unataka baba yako akate shauri.

Hilo la kumwondoa halikubaliki, na waambie nimelisema mimi. Mtu aliyechukua mashindano ya wazi, yanayowakutanisha wa ridhaa na wa kulipwa, ya Marekani mara 4 na ya Uingereza mara 3, akiwashinda hao hao wa kulipwa, unamwondoaje? Mwaka 1930 alishinda yote manne makubwa ya zama zake, ya wazi na ya ridhaa, Uingereza na Marekani, ndani ya miezi michache. Kisha akastaafu, ana miaka 28, akarudi Atlanta kwenye uwakili wake. Katikati ya mashindano hayo yote alikuwa amesoma uhandisi, akasoma fasihi Harvard, akasoma na sheria.

Lakini mimi nikimfikiria Jones siufikirii mwaka 1930. Naufikiria 1925, mwaka alioshindwa.

Unajua tayari kwamba kwenye gofu hakuna mtu wa filimbi anayekufuata nyuma. Yule mzee wa Morogoro aliyetufundisha kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji, huyo ninayemtaja kila mara, alikuwa akituambia hivi: refa wa kwanza ni wewe mwenyewe. Na kila alipolisema alitusimulia habari ya Worcester. Yalikuwa mashindano ya wazi ya Marekani, raundi ya kwanza, shimo la 11. Mpira wa Jones uliingia kwenye nyasi ndefu mtelemkoni. Akaweka fimbo tayari kupiga, na mpira ukasogea. Kidogo sana. Hakuna aliyeuona, hata Walter Hagen aliyekuwa akicheza naye. Jones akasema umesogea, nihesabieni mkwaju wa adhabu, yaani pigo moja la ziada. Waamuzi wakauliza huku na huku, hawakupata shahidi, wakamwachia aamue mwenyewe. Akaamua. Ule mkwaju ukaandikwa kwenye kadi yake.

Sasa fuatilia hesabu, ukikumbuka kwamba kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye anayeshinda. Baada ya mashimo 72, Jones na Willie Macfarlane walikuwa sawa, mikwaju 291 kila mmoja. Wakarudia mashimo 18, wote wakapata 75. Wakarudia mengine 18: Macfarlane 72, Jones 73. Bila ule mkwaju wa nyasi ndefu, kombe lingekuwa lake kabla ya marudio yoyote. Watu walipomsifu kwa uaminifu alikasirika, akasema ni sawa na kumsifu mtu kwa kutoibia benki.

Na hakuzaliwa na utulivu huo. Ujanani alikuwa na hasira za kurusha fimbo. Mwaka 1921 St Andrews, Uskoti, mambo yalipomharibikia mchangani kwenye shimo la 11 aliokota mpira wake akajitoa mashindanoni, akaona aibu miaka mingi. Wale wale wa St Andrews aliowakimbia ndio waliompa heshima ya mji wao mwaka 1958, akiwa tayari ugonjwa wa uti wa mgongo umemdhoofisha miguu.

Tangu nisome ujumbe wako nimekuwa na kaka yako kichwani. Umesimuliwa fainali ya mbuzi pale Chang'ombe, maana ulikuwa mdogo na mama yako alikubeba mgongoni. Tuko sare, goli moja kwa moja, dakika zimebaki chache, kona imepigwa, vumbi tupu, mpira ukaingia. Refa akaonyesha katikati. Watu wameshaingia uwanjani, jirani yetu anamvua kaka yako jezi kwa furaha. Naye akajichomoa, akamfuata refa, akanyoosha mkono: umegonga hapa.

Goli likafutwa. Tukashindwa kwa penalti. Wewe ulisinzia, mimi nilisikia kila kitu. Nilisikia "msaliti". Nilisikia mtu mzima, mwenye watoto wanaosoma na wanangu, akisema huyu kanunuliwa. Na kocha wake, sitamtaja, hakumpa tena jezi. Hakumwita, hakumweleza. Kila Jumamosi mtoto anakwenda na viatu vyake, anakaa pembeni mpaka jua linazama, anarudi navyo safi. Mpaka akaacha kwenda. Mwanangu, miaka yote hii nikikutana na yule mtu sokoni Majengo namsalimia vizuri, na moyoni bado nina neno naye.

Jioni ile ile nahodha wa waliotushinda alikuja nyumbani na paja la mbuzi, kalifunga kwenye gazeti. Akasema wachezaji wote wamekubaliana. Mama yako alilipika. Kaka yako hakuligusa, lakini alimsindikiza yule kijana mpaka barabarani, na niliwaona wamesimama pale wakiongea hadi giza. Nilifurahi kuliko ningeletewa mbuzi mzima.

Hata hivyo kuna jambo nimelibishania mwenyewe na sijalimaliza. Jones aliutoa mkwaju wake mwenyewe. Kaka yako aliutoa ushindi wa watu kumi na mmoja. Wale wenzake walikimbia kwenye vumbi lile kama yeye, wengine bila viatu. Je, ulikuwa wake kuutoa? Siku nyingine nasema hapana, angemwacha refa afanye kazi yake. Kisha nasema: refa wa kwanza ni wewe mwenyewe, na mkono uliogongwa ulikuwa wake, hakuna mwingine aliyeusikia. Kocha angeweza kusema "umetugharimu", hilo ningelipokea. Kumnyamazia mtoto ndiko nisikokuelewa.

Na hata kwa Jones nina kigugumizi, nisikufiche. Ni rahisi kucheza kwa ridhaa baba yako akiwa wakili mwenye nafasi. Sisi tuliobeba mifuko tulitazama chenji. Halafu kuna Augusta, uwanja alioanzisha na Clifford Roberts, ambako Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu, inachezwa tangu 1934. Kwa miaka mingi mchezaji hakuruhusiwa kuja na mbebaji wake wa mfuko. Alipewa wa klabu, na hao walikuwa weusi. Lakini mweusi wa kwanza kucheza Masters, Lee Elder, aliingia 1975, Jones ameshafariki tangu 1971. Uanachama wa klabu kwa mweusi ulisubiri hadi 1990. Mtu aliyeuona mpira ukisogea kidogo vile kwenye nyasi, hilo hakuliona? Nimejiuliza sana. Aliwaona wakipita mbele yake na mifuko kila mwaka. Nikilinganisha na Worcester nashindwa kuvipatanisha, na sitaki kukidogosha kimoja ili kingine kinikalie vizuri.

Basi turudi kwa wenzako. Nicklaus ana mataji makubwa 18 ya kulipwa. Woods ana 15, na pia alichukua ubingwa wa ridhaa wa Marekani mara 3 mfululizo, 1994 hadi 1996. Wakumbusheni hilo wanaoidharau ridhaa. Jones ana 13, ila matano kati ya hayo ni ubingwa wa ridhaa wa Marekani na moja ni wa ridhaa wa Uingereza, na Masters aliianzisha akiwa ameshastaafu, akaicheza bila kuishinda. Mkijumlisha hivyo bila kueleza, mnadanganyana.

Nani bora? Jina ninalo, liko ulimini kabisa. Lakini nikilitaja utalipeleka Ijumaa kama hukumu ya baba na ubishi utakufa bila ninyi kufikiri. Niandikie kwanza wewe unamchagua nani na kwa sababu gani, nami nitajibu siku hiyo hiyo.

Ni mimi,
Baba yako