Kabla hujamtukana refa, jua swali ni la nani

Chukua mechi moja tu: Tottenham 2, Liverpool 1, Septemba 30, 2023. Ndani yake kuna karibu kila kitu kinachowagombanisha watu kibanda umiza siku ya Jumamosi. Curtis Jones alilimwa nyekundu iliyotoka kwenye marudio, Diogo Jota akatolewa kwa njano mbili, bao halali la Luis Díaz likakataliwa, Cody Gakpo akasawazisha kisha asirudi kipindi cha pili kwa sababu ya goti, na dakika za nyongeza Joel Matip akajifunga. Itaje mbele ya shabiki wa Liverpool, chai yake itapoa mezani.

Tatizo ni kwamba wengi wanaibishania kama jambo moja, wakati ndani yake mna maswali manne na kila moja lina mtu wake wa kulijibu. Refa anaulizwa ameona nini kwa kasi ya mchezo. VAR, yaani waamuzi wa video walio chumbani, inaulizwa kama refa amekosea waziwazi, siyo kama wao wangeamua hivyo hivyo. FA, chama cha soka cha Uingereza, inaulizwa kama kadi ilikuwa kosa la wazi, au kama kuna tukio ambalo hakuna mwamuzi aliyeliona. Daktari anaulizwa mchezaji anarudi lini. Unaweza kuwa sahihi kwenye swali la kwanza na ukapotea vibaya kwenye la pili. Hapo ndipo mwenzako anapokumaliza.

Tuanze na rafu. Sheria namba 12 ya soka ina ngazi tatu. Uzembe ni rafu bila kadi. Kucheza bila kujali hatari kwa mwenzako ni njano. Kutumia nguvu kupita kiasi, au kuhatarisha usalama wa mwenzako, ni nyekundu. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyegusa mpira kwanza amesalimika. Jones aligusa mpira kwanza, mguu ukateleza juu ya mpira ukatua kwenye kifundo cha Yves Bissouma. Ukitetea kwa kusema "kagusa mpira", umeshapoteza hoja. Angalia mambo haya: mguu ulikuwa umenyooka au umekunjwa, njumu zinaelekea wapi, amefika kwa urefu gani wa mguu wa mwenzake, kasi yake ilikuwaje, na alikuwa na nafasi ya kujizuia au aliruka akawa hana breki.

Hoja nzuri ya mashabiki wa Liverpool ilikuwepo, ila wachache waliitumia. Itifaki ya VAR inasema marudio ya polepole ni ya kuthibitisha vitu kama mahali mguu ulipogusa, na nguvu ya rafu ipimwe kwa kasi ya kawaida. Refa wa mechi ile, Simon Hooper, alipofika kwenye skrini, picha ya kwanza aliyokutana nayo ilikuwa imesimamishwa, njumu juu ya kifundo. Picha iliyosimama humfanya hata mtu aliyekanyaga kwa bahati mbaya aonekane muuaji. Unaweza kukubali kwamba kadi ilikuwa ndani ya sheria na bado ukalalamikia namna refa alivyofikishwa hapo. Hayo ni malalamiko yenye miguu.

Na tukiwa hapo hapo, "beki wa mwisho" hayumo kwenye sheria. Kuzuia nafasi ya wazi ya kufunga hupimwa kwa vitu vinne: umbali wa kosa hadi golini, uelekeo wa shambulizi, uwezekano wa mshambuliaji kuupata au kubaki na mpira, na mabeki wengine walipo na idadi yao. Mtu anaweza kuwa wa mwisho kabisa na akapata njano kwa sababu mshambuliaji alikuwa anakimbilia kibendera cha kona. Tangu 2016, kosa likiwa ndani ya boksi, penalti ikatolewa, na beki alikuwa anajaribu kweli kuucheza mpira, nyekundu inashuka kuwa njano. Akivuta jezi au akasukuma, haishuki.

VAR haikuja kurekebisha kila kitu

Premier League iliianza VAR msimu wa 2019/20, na itifaki yake ilijengwa juu ya mambo manne: bao, penalti, nyekundu ya moja kwa moja, na kadi kupewa mtu asiye husika. Njano ya pili haikuwemo. Ndiyo maana siku ile Jota alitoka hivyo hivyo. Njano yake ya kwanza ilikuwa ya kumchezea Destiny Udogie wa Tottenham, na marudio yalionyesha Udogie akijikwaa mwenyewe, lakini chumba cha VAR hakikuwa na ruhusa ya kufungua mdomo. Wala klabu haikuweza kukata rufaa, kwa kuwa nyekundu ya njano mbili haikuwa na rufaa. Anayelaumu VAR kwa kadi ya Jota anamgombeza mlinzi wa geti kwa ugali ulioungua jikoni.

Bao la Díaz ni kisa kingine kabisa, na watu wengi hawakielewi mpaka leo. Mshika kibendera alisema ameotea. Chumbani, mwamuzi wa VAR Darren England aliangalia akaona hajaotea, ila alidhani uamuzi wa uwanjani ni bao. Akasema ukaguzi umekwisha. Uwanjani wakaelewa kwamba kuotea kumethibitishwa, Tottenham wakapiga mpira wao. Sekunde chache baadaye wenzake wakagundua. Sasa kwa nini hawakusimamisha mchezo? Kwa sababu mpira ukishaanza tena, itifaki inaruhusu kurudi nyuma kwa mambo machache tu: mtu kupewa kadi isiyo yake, au nyekundu ya vurugu, kutema mate, kung'ata, au kitendo cha matusi makubwa. Bao halimo. Chombo cha waamuzi, PGMOL, kilikiri kosa kubwa la kibinadamu jioni ile ile na siku chache baadaye kikatoa sauti za chumbani. Waamuzi wale wawili wa chumbani, England na Dan Cook, walikuwa wamechezesha mechi Falme za Kiarabu siku mbili kabla, na ratiba hiyo nayo ikawa mjadala wake. Wa haki, kwa maoni yangu.

Jifunze pia kutofautisha "uamuzi ni sahihi" na "hakuna ushahidi wa kuubadilisha". Novemba 4, 2023, bao la Anthony Gordon wa Newcastle dhidi ya Arsenal lilikaguliwa mara tatu kwa mpigo: mpira ulitoka nje au la, Joelinton alimsukuma Gabriel au la, na kuna aliyeotea au la. Kote halikupatikana la uhakika, bao likabaki. Mtu wa Newcastle akisema VAR ilithibitisha kwamba mpira haukutoka, msahihishe. VAR ilishindwa kuthibitisha kwamba ulitoka. Mwamba ngoma huvutia kwake, najua, ila sentensi hizo mbili haziko sawa.

Kufungiwa baada ya mechi

Tanzania tumezoea kauli ya "ngoja Kamati ya Saa 72 ikae". Ukiipeleka kauli hiyo Uingereza utachanganyikiwa, kwa sababu mlango wa FA ni mwembamba zaidi. Hawakai kupitia kila rafu iliyowaudhi watu mitandaoni.

Mlango mmoja ni wa klabu kudai kwamba mchezaji wake alitolewa kimakosa. Jopo halijiulizi "mimi ningetoa kadi hii?" Linajiuliza kama refa amefanya kosa la wazi. Liverpool waligonga mlango huo kwa ajili ya Jones, wakarudishwa. Manchester United waligonga kwa ajili ya Bruno Fernandes baada ya Septemba 29, 2024, alipoteleza na kumgonga James Maddison wa Tottenham, wakafanikiwa, adhabu ya mechi tatu ikafutwa. Angalia tofauti: Fernandes aliteleza na njumu hazikuingia kwenye mguu wa mwenzake. Jones njumu zilitua kwenye kifundo. Ila rufaa ikishinda inafuta kufungiwa tu. Tottenham walibaki na ushindi wao wa 3-0, na dakika ambazo United walicheza pungufu hakuna aliyewarudishia. Rufaa ya kipuuzi nayo inaweza kuongezewa adhabu, kwa hiyo klabu ikikaa kimya usidhani imemtelekeza mchezaji wake.

Mlango wa pili ni tukio ambalo waamuzi hawakuliona. Huko ndiko alikopita Luis Suárez, aliyemng'ata Branislav Ivanović Aprili 2013 bila refa kuona: mechi 10. Sergio Agüero naye, kwa kiwiko alichompiga Winston Reid Agosti 2016: mechi tatu, ikiwemo dabi ya Manchester. Utaratibu wa wakati wa Agüero ulikuwa wa jopo la waamuzi watatu wa zamani, na wote watatu walipaswa kukubaliana kwamba ni nyekundu.

VAR ilipokuja, mlango huo karibu ujifunge wenyewe. Kama chumba kimeliona tukio na kikaliacha, limeshaonekana. Oktoba 17, 2020, kipa wa Everton Jordan Pickford alimuumiza vibaya goti Virgil van Dijk wa Liverpool, hakupewa hata njano, na FA haikumgusa baadaye. Katika ile mechi ya Newcastle na Arsenal, Bruno Guimarães alimpiga Jorginho kichwani kwa mkono, VAR ikaangalia ikapita, na hadithi ikaishia hapo. Kwa hiyo kabla ya kuandika "FA wamfungie", tafuta kwanza kama tukio lilikaguliwa. Likiwa lilikaguliwa, okoa bando lako.

Kujirusha kuna kanuni yake, iliyoanza msimu wa 2017/18: mechi mbili, ikiwa tu udanganyifu umezaa penalti au umemtoa mpinzani kwa nyekundu. Oumar Niasse wa Everton ndiye mchezaji wa kwanza wa Premier League kuonja, Novemba 2017, baada ya penalti dhidi ya Crystal Palace. Anayejirusha katikati ya uwanja akapata faulo tu, hiyo kanuni haimhusu.

Kuhesabu mechi za kufungiwa ndiko watu wanakopoteza pesa za mikeka na pointi za fantasi. Njano tano ndani ya mechi 19 za kwanza za timu ni kukosa mechi moja. Kumi kufikia mechi ya 32 ni mbili. Kumi na tano ni tatu. Mchezaji akiwa na nne mpaka mechi ya 19 imekwisha, njano ya tano kwenye mechi ya 20 haimfungii. Njano za ligi zinabaki ligini. Nyekundu ya vurugu au rafu mbaya ni mechi tatu, inakula vikombe vya ndani pia, lakini haivuki bahari: Ulaya ni ya UEFA. Casemiro wa Manchester United alipotolewa dhidi ya Southampton Machi 12, 2023, alipata mechi nne kwa kuwa ilikuwa nyekundu yake ya pili msimu ule. Akakosa robo fainali ya Kombe la FA na Fulham, kisha Newcastle, Brentford na Everton. Lakini siku nne tu baada ya kadi alikuwa uwanjani dhidi ya Real Betis kwenye Europa League. Aliyehesabu kwa kalenda badala ya mashindano alimwacha nje bure.

Majeraha siyo ushahidi

Hili ni gumu kulisema mbele ya mtu ambaye beki wake yuko hospitali, ila ukubwa wa jeraha haupimi ukubwa wa kosa. Novemba 3, 2019, Son Heung-min wa Tottenham alimchezea rafu André Gomes wa Everton. Refa Martin Atkinson alishika njano, akaona mguu ulivyogeuka, akabadilisha kuwa nyekundu. FA ikaifuta siku mbili baadaye, kwa sababu rafu yenyewe ilikuwa ya kawaida, na kilichomvunja Gomes kilikuwa jinsi alivyoanguka. Upande wa pili, rafu ya Pickford ilistahili nyekundu hata kama Van Dijk angeinuka akakimbia. Na wale wanaosema haikuwezekana kwa kuwa Van Dijk alikuwa ameotea: kuotea kunafuta penalti, hakufuti nyekundu ya rafu mbaya.

Habari za majeruhi nazo zisome kwa makini. Kocha akisema "nyama za paja", uliza daraja. Mchaniko mdogo ni wiki moja hadi tatu, wa kati huchukua mwezi na zaidi, na nyama ikikatika kabisa unazungumzia miezi. Wanaoharakishwa huumia tena pale pale, mara nyingi ndani ya wiki chache za kurudi. "Amerudi mazoezini" inaweza kuwa anakimbia peke yake pembeni na mtaalamu wa viungo. Subiri neno kwamba amefanya mazoezi kamili na wenzake kwa siku kadhaa, na hata hapo tarajia dakika 20 au 30 kwanza. Mchezaji wa majeraha marefu akibaki kwenye orodha ya wachezaji 25 wa klabu waliosajiliwa ligini, anakula nafasi ya mtu mzima, wakati chipukizi wa chini ya miaka 21 hawahesabiwi. Ndiyo maana utamwona kinda usiyemjua benchi na kushangaa ametoka wapi.

Kano ya goti, ile ACL, hesabu miezi tisa na usidanganyike na video ya mtu anayepiga danadana gym. Rodri wa Manchester City alianguka dhidi ya Arsenal Septemba 22, 2024. Mashabiki wa City walianza kumsubiri kuanzia Februari. Alirudi ligini Mei 20, 2025 dhidi ya Bournemouth, akitokea benchi, mechi ikiwa inaelekea ukingoni.