Ukishazoeleka kwa uhusika mmoja

Anayepanga waigizaji anapokutazama, kwanza anapima hasara. Umechekesha mara tatu na watu wakacheka. Mara ya nne atakuita uchekeshe tena, kwa sababu hapo hana wasiwasi. Kulalamika kwamba umebanwa hakumsaidii. Anachotaka ni ushahidi kwamba unaweza uhusika mwingine.

Nao ushahidi waweza kuwa mdogo tu. Mwigizaji Bryan Cranston alipopendekezwa kwa tamthilia ya Breaking Bad, wakubwa wa kituo cha televisheni walisita, maana walimjua kama baba wa vituko katika Malcolm in the Middle. Mtunzi wa Breaking Bad, Vince Gilligan, akawaonyesha kipindi kimoja cha tamthilia ya The X-Files cha mwaka 1998, ambamo Cranston ni mtu mwenye chuki na bado mtazamaji anamhurumia. Kipindi kimoja, cha karibu miaka kumi nyuma! Basi kila ukiigiza filamu fupi au kijisehemu kisicho cha kawaida yako, dai nakala mapema, kabla mtayarishaji hajahamia kazi nyingine.

Katika video yako ya kujitambulisha, ambayo dakika moja na nusu inaitosha, tanguliza hicho kipande kigeni. Wengi hukiweka mwishoni, na mwangaliaji huwa ameshafunga. Kosa jingine la wachekeshaji ni kuthibitisha uzito wao kwa kulia na kupiga makelele. Huko ni kutia chumvi kulekule, kumegeuzwa tu upande. Tafuta tukio ambalo mwenzako ndiye anayeongea na wewe unasikiliza. Kamera ikikaa usoni pako sekunde kumi bila neno, tutajua kama unaweza.

Usikimbilie kujificha pia. Mwaka 1968 Henry Fonda, aliyezoeleka kwa watu wema, alikwenda kuigiza muuaji katika Once Upon a Time in the West akiwa na masharubu na lenzi za kahawia machoni. Mwongozaji Sergio Leone aliyataka macho yaleyale ya buluu ambayo watazamaji waliyaamini, akamwambia avitoe. Robin Williams naye, katika One Hour Photo ya 2002, hakuutupa upole wake. Aliubana mpaka ukatisha. Jiulize ni sifa gani yako watu wanaipenda, kisha uombe uhusika unaoitumia kwa uovu.

Kukataa kazi kuna gharama. Matthew McConaughey alikataa vichekesho vya mapenzi na kukaa takriban miaka miwili bila kazi, kabla ya The Lincoln Lawyer ya 2011 na Oscar ya 2014. Yeye alikuwa na akiba. Wewe hesabu kwanza: kama huna matumizi ya miezi sita, endelea kuchukua uhusika wa mazoea unaolipa, na kati ya kazi hizo weka moja ya jukwaani yenye malipo kiduchu. Ukikataa, mwambie wakala kwamba unakataa aina ya uhusika. Usiitaje filamu uliyoikataa kwa ubaya. Huenda mwongozaji huyohuyo ndiye atakayehitaji muuaji mwakani.