Goti la ng'ombe mbona linatazama nyuma?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga ng'ombe wa maziwa hapa Tukuyu. Mwanangu wa kidato cha pili ameniuliza kwa nini goti la nyuma la ng'ombe linatazama nyuma, na la kuku vilevile, ilhali letu linatazama mbele. Na panzi je? Nimekosa jibu.

JIBU: Marahaba. Goti la ng'ombe linatazama mbele kama la kijana wako, ila liko juu, pale ngozi ya tumbo inapokutana na paja. Mpapase ng'ombe aliyetulia, utaigusa pia ya goti, yaani kile kifupa cha mviringo kilicho mbele ya goti. Kiungo cha chini kinachochomoza nyuma ni kifundo cha mguu, na ncha yake ni kisigino. Angalieni buchani: mguu wa nyuma hutundikwa kwa ndoano inayopita kati ya mfupa na ukano mnene unaoshika kisigino. Hata wewe unao ukano huo.

Kumbe ng'ombe anatembea kwa ncha za vidole, na kwato ni kucha zake. Siku mkipika supu ya kongoro, msitupe ule mfupa mrefu. Upande wa mbele una mfereji, na chini una vichwa viwili, kwa sababu ni mifupa miwili ya wayo, ya kidole cha tatu na cha nne, iliyoungana. Vikwato vidogo vya nyuma ni mabaki ya kidole cha pili na cha tano. Punda kabakiwa na cha tatu tu. Misuli mizito iko juu, sehemu ya chini ikabaki nyepesi kwa kukimbia. Ndiyo maana kongoro ni ngozi na kano (wanaolalamika halina nyama wawalaumu mababu wa ng'ombe). Na "goti" la mbele analolipiga chini akianza kulala? Hicho ni kifundo cha mkono.

Kuku ni yaleyale: goti limefichwa na manyoya, na mguu wenye magamba ni wayo uliorefuka.

Panzi hayumo katika hesabu hii. Goti lake linafanana na letu kwa umbo tu. Halikutokana na mifupa ya ukoo wetu. Mguu wake ni bomba gumu la kitini (dutu inayojenga ganda la wadudu) lenye misuli ndani, nalo halitanuki. Akitaka kukua hulivua lote na kutoka na jipya laini, ambalo huwa gumu baadaye. Ndama hahitaji kujivua: mifupa yake mirefu hurefuka kwenye gegedu lililo karibu na ncha zake, mpaka gegedu hilo lote ligeuke mfupa.