Maswali ya Wasomaji: Masi ya Molekuli Moja ya Asidi

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Katuba, Lubumbashi. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, upande wa sayansi. Katika mtihani tuliulizwa masi ya molekuli moja ya asidi salfuriki, H₂SO₄. Niliandika gramu 98, nikapewa sifuri. Nyumbani nilirudia kwa kikokotoo, nikapata gramu 1,6 × 10²⁴. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kujumlisha umejumlisha sawasawa, kwani hidrojeni mbili (2), salfa moja (32) na oksijeni nne (64) hutoa 98. Lakini gramu 98 ni masi ya moli nzima, yaani ya molekuli 6,022 × 10²³ kwa pamoja. Idadi hiyo ndiyo namba ya Avogadro, ambayo tangu Mei 2019 imewekwa rasmi kuwa 6,02214076 × 10²³ kamili, ingawa kwa mtihani wako tarakimu nne zinatosha. Gramu 98 za asidi hii, ile ile inayotumika viwandani hapa Katanga kuyeyushia shaba iliyomo katika mawe ya oksidi, ni kama mililita 53, ujazo ambao ungeuona vizuri ndani ya glasi. Mwalimu alitaka molekuli moja tu. Basi gawanya:

98 ÷ (6,022 × 10²³) = gramu 1,63 × 10⁻²²

Jibu lako la pili lina kosa jingine, nalo nimeliona kwa wanafunzi wengi wenye bidii. Ukibonyeza 98 ÷ 6,022 × 10²³ bila mabano, kikokotoo hugawanya kwanza kwa 6,022 peke yake, kisha huzidisha kwa 10²³ badala ya kugawanya. Weka mabano, au ingiza kipeo kwa kitufe cha EXP, ili namba nzima ihesabiwe kuwa moja. Gramu 1,6 × 10²⁴ zinazidi maji ya bahari zote za dunia, ambayo ni takriban gramu 1,4 × 10²⁴, kwa hiyo jibu la namna hiyo likataliwe kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kuna njia ya kujihakiki ambayo naipenda zaidi: atomu moja ya hidrojeni ina takriban gramu 1,67 × 10⁻²⁴, na kwa kuwa hakuna atomu iliyo nyepesi kuliko hiyo, molekuli yoyote lazima iizidi. Yetu inaizidi karibu mara 98, kama inavyopasa.

Ukiulizwa kuhusu malakiti, jiwe la kijani linalochongwa mapambo hapa mjini, Cu₂CO₃(OH)₂, njia ni hiyo hiyo: 221,1 ukigawanya kwa namba ya Avogadro unapata gramu 3,67 × 10⁻²². Ila usiandike "molekuli ya malakiti," kwa sababu jiwe hilo limejengwa kwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zilizopangana mfululizo, andika "kizio kimoja cha fomula."