Kalamu ya simu: kwani kidole kina kosa gani?

Mwezi huu maswali yenu karibu yote yamekuja na jambo moja. Wachuuzi wa kava na chaja pale Digo Road, hapa Mombasa, sasa wanapanga na kalamu za simu, zile zenye ncha ya mpira mweusi, na kila anayenunua moja huondoka na kalamu na swali. Nilikaa kibanda cha kutengeneza simu miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii nyingine ya kuandikia, basi nitajibu kama nilivyokuwa nikijibu pale kibandani.

Napika mahamri na mbaazi hapa Kuze. Alfajiri wateja wanipigia kuagiza na mimi mikono imo kwenye unga. Nikigusa simu, mara yakataa, mara kioo chajaa mafuta. Hiyo kalamu yaweza kunisaidia?

Yaweza, mama, lakini kwanza nikueleze simu yako inataka nini, ili usije ukauziwa kijiti.

Kioo cha simu za siku hizi hakijali umekibonyeza kwa nguvu gani. Chini yake mna utando mwembamba usioonekana, mara nyingi wa oksidi ya indiamu na bati, uliopangwa mistari ya wima na ya ulalo kama jarife, na ndani yake mnapita umeme kidogo sana. Mwili wa mtu ni maji na chumvi, na umeme hupenda vitu hivyo. Kidole kikifika juu ya kioo, kinavuta chembe ya ule umeme. Simu inapima ni kwenye makutano gani ya mistari umeme umebadilika, ndipo inajua umegusa pa kupokea na si pa kukata. Ukigusa kwa mwiko wa mbao, hakuna kinachovutwa. Unga mkavu uliogandamana kwenye vidole nao unazuia, na mafuta yakitanda juu ya kioo kidole kinateleza na simu inababaika.

Ile ncha ya mpira imechanganywa na kitu cha kupitisha umeme. Inauchukua kutoka kwenye kioo, unapita kwenye mwili wa kalamu mpaka kiganjani mwako. Kwa hivyo kalamu nzuri ya bei rahisi ni ile yenye mwili wa chuma. Yenye mwili wa plastiki tupu, hata ncha yake ing'are vipi, waachie wenyewe. Jaribu palepale kwa mchuzi, kwa simu yako mwenyewe ikiwa na kioo chake cha kinga, kisha ndio utoe pesa. Nawe kwa kuwa unaishika kwa kiganja kizima, unga wa kwenye ncha za vidole hautakusumbua.

Kwa kweli hiyo kalamu si kitu zaidi ya kidole cha kuazima. Mwaka 2010, baridi ilipokaza Korea Kusini, kuna watu walioona tabu kuvua glavu wakawa wanagusa simu zao kwa soseji. Soseji ina maji na chumvi, basi simu haikuona tofauti. Nadhani hata kebabu ingekubali, ila sijui nani wa Mombasa atakayeitoa kebabu yake kwa kazi hiyo.

Na kabla hujanunua, jaribu hii ya bure: kunja kidole cha mwisho, upokee kwa kifundo chake, kisha uweke spika. Kifundo huwa hakina unga. Wapishi wengi niwajuao wameishia hapo.

Zamani nilikuwa na Nokia ya kugusa, nikiitumia hata kwa ukucha au kijiti cha meno. Mbona hizi za sasa, ghali kuliko ile, hazikubali? Mzee wa Kisauni.

Shikamoo mzee. Ile yako naiona kama Nokia 5800, iliyotoka mwaka 2008. Ilikuja na kalamu yake, na baadhi zilikuja na kijipande cha plastiki mfano wa kile cha kupigia gitaa. Kioo chake kilikuwa cha aina nyingine kabisa: tabaka mbili zilizoachana kidogo, ukibonyeza zinagusana, simu inajua ni wapi. Hapo kitu chochote chenye ncha kilifaa, hata mwiba wa samaki. Ubaya wake ni kwamba ilitaka kubonyezwa kweli, na haikuelewa vidole viwili kwa wakati mmoja. Steve Jobs alipoionyesha iPhone mara ya kwanza Januari 2007 aliikejeli kalamu mbele ya watu wote, akasema kidole ndicho bora, na soko zima likamfuata. Hiyo simu yako ikiwa bado iko kwenye kabati, usiitupe.

Nina iPhone. Ndugu yangu amekuja kutoka Dubai na Apple Pencil, lakini simu haiioni kabisa. Nifanyeje?

Hakuna iPhone inayoikubali. Kalamu hiyo ilitoka mwaka 2015 kwa ajili ya iPad, na hata huko si kila Pencil inafanya kazi na kila iPad. Mshukuru nduguyo, kisha tafuta mwenye iPad umuuzie.

Mimi ni mpambaji wa hina, Majengo. Nataka niwe nikipiga picha mkono wa bibi harusi, nichore maua juu ya ile picha aone, kabla sijashika koni. Nilinunua kalamu ya mpira lakini mstari watoka mnene kama wa mtoto. Kosa ni langu au la kalamu?

La kalamu, dada. Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja, kwa sababu wewe ni mmoja wa wachache wanaoihitaji kalamu kikweli.

Simu imefundishwa kupuuza vitu vidogo mno vinavyoigusa, isije ikajifungua kwa vumbi na jasho. Ndiyo maana ile ncha ya mpira lazima iwe nene, milimita kama sita hivi. Huwezi kutoa ua la hina kwa kitu cha unene huo, na hata pale kinapogusia hupaoni. Zipo zenye kisahani cha plastiki angavu chini ya ncha. Hizo zinakuonyesha unapogusa, zina nafuu, lakini mstari bado ni wa unene mmoja. Zipo pia za kuchaji zenye ncha nyembamba, zinazotoa umeme wao wenyewe ili kuidanganya simu kwamba ni kidole. Ni bora kidogo, ila ukiinamisha kiganja juu ya kioo, kinachora nacho.

Unachokitafuta ni simu iliyozaliwa na kalamu yake. Samsung walianza na Galaxy Note ya kwanza mwaka 2011, kwa kutumia ufundi wa kampuni ya Wacom ya Japani. Ndani ya simu hizo, chini ya kioo, kuna karatasi ya ziada ya nyaya inayotoa mawimbi ya sumaku. Ndani ya kalamu mna koili ndogo inayoyapokea mawimbi hayo na kuyarudisha, na kuandika hakuhitaji betri yoyote. Simu inajua kalamu iko wapi hata kabla haijagusa kioo, basi inaacha kusikiliza kiganja chako. Ukikaza mkono, mawimbi yanayorudi yanabadilika na mstari unanenepa. Ukilegeza unakonda, kama vile unavyoikamua na kuiachia koni. Ile Note ya kwanza ilitambua viwango 256 vya mkazo, na Note 9 ya mwaka 2018 inatambua 4,096. Kwa hina hata nusu ya hivyo inatosha.

Simu mpya za namna hiyo ni ghali, najua, utanunua iliyotumika. Basi sikiliza. Omba kalamu, fungua mahali pa kuchorea, upige mistari ya kukingama kutoka pembe hadi pembe, polepole. Mstari ukikatika mahali pamoja kila unapopita hapo, ile karatasi ya nyaya ina kovu. Mara nyingi simu hiyo imewahi kubadilishwa kioo na fundi aliyejali kugusa kwa kidole tu. Mimi mwenyewe niliwahi kumrudishia mteja simu ya aina hiyo, kidole kinafanya kazi safi, kalamu imekufa, na sikuwa nimejaribu. Alinirudia kesho yake na sikuwa na la kumjibu. Halafu angalia kalamu yenyewe inavyoingia kwenye tundu lake. Note 5 ya mwaka 2015 ilijulikana kwa hili: ukiichomeka kalamu kinyume inakwama, na kuitoa kwa nguvu kunaweza kuharibu mtambo wa ndani. Na ukishanunua, epuka kava zenye sumaku, kwa sababu sumaku inayavuruga yale mawimbi na mstari unapinda penyewe.

Ukitaka ushauri wangu, chora tabaka la hina mbali na tabaka la picha. Programu nyingi za kuchorea zinaruhusu. Bibi harusi akibadilisha mawazo, na atabadilisha, unafuta maua tu na mkono wake unabaki.

Mjomba wangu wa Mtongwe alikuwa fundi wa mashua. Mikono ni migumu kama gome na sasa inatetemeka. Akituma pesa hukosea namba ya siri mpaka anafungiwa. Nimnunulie kalamu?

Mnunulie, lakini nene. Yenye ncha ya mpira na mwili wa chuma, kisha uizungushie kitambaa mpaka ijae kiganja, ukiacha sehemu ya chuma wazi mahali anaposhika, la sivyo umeme hautapita. Mkono unaotetemeka hutulia zaidi ukishika kitu kinene kuliko ukinyoosha kidole kimoja hewani.

Ila hapo kuna mambo mawili, usiyachanganye. Ule ugumu wa ngozi ni jambo lake: ngozi nene iliyokauka haipitishi umeme vizuri, na kidole kilichopanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo huenda kikatosha. Baadhi ya simu, Samsung zikiwamo, zina mahali pa kuongeza wepesi wa kioo kusikia mguso. Kutetemeka nako kunataka dawa nyingine. Ingia kwenye Mipangilio, utafute Ufikivu, kwa Kiingereza Accessibility. Humo, katika baadhi ya simu, utakuta pa kuiambia simu ingoje kidogo kabla ya kuamini kwamba umegusa, na pia pa kupuuza mguso unaorudiwa harakaharaka. Mguso huo wa kurudiwa ndio unaomkosesha namba ya siri: anabonyeza 4 mara moja, mkono unacheza, simu inaandika 44.

Kwa meseji, mfundishe kusema badala ya kuandika. Kibodi ya Google inaelewa Kiswahili cha kutamkwa tangu mwaka 2017. Kimvita cha mjomba kitaandikwa visivyo mara mojamoja, mtacheka. Namba ya siri asiitamke wala asikupe wewe, hata kama unampenda.

Mimi naendesha boda Changamwe. Mvua ya Mei ikinyesha, simu yajigusa yenyewe. Kalamu?

Hapana. Tone la maji nalo huvuruga ule umeme wa kioo, simu inaliona kama kidole, na kalamu ya mpira itaingia kwenye vurugu ileile. Simama pakavu, ufute kioo, ndipo uangalie mteja yuko wapi. Ukiwa mwendoni simu ikae mfukoni.

Je, kalamu haitakwaruza kioo? Na nikijitengenezea ya nyumbani?

Mpira haukwaruzi. Kinachokwaruza ni mchanga uliojibanza kwenye ncha. Chembe za mchanga zinaweza kuwa ngumu kuliko kioo, na ukitoka kupunga upepo ufukweni Pirates unarudi nao hata kwenye nywele. Pangusa ncha kila mara. Ya nyumbani inawezekana: kijiti cha pamba cha masikioni, ncha uilowanishe kidogo, kijiti ukizungushie karatasi ya fedha ya kufungia chakula mpaka iguse ile pamba, nawe uishike hapo kwenye karatasi. Itafanya kazi mpaka pamba ikauke. Karatasi yenyewe isiguse kioo.

Naandika khati kwa kalamu ya mwanzi, nafundisha madrasa Kibokoni. Ya simu yaweza kutoa mstari kama ule?

Karibu, maalim, lakini si kwa njia uliyoizoea. Mwanzi unatoa nene na nyembamba kwa sababu umekatwa mshazari, na mkono wako unajua pembe ya kuushika. Kalamu ya simu ncha yake ni ya mviringo, unene wake unatokana na mkazo. Tafuta programu yenye brashi ya ncha bapa, uipange pembe yake iwe ileile unayokata mwanzi. Brashi hiyo itabaki na pembe moja hata ukizungusha mkono, na hapo ndipo utakapoudhika. Kwa kuwaonyesha wanafunzi umbo la herufi kwenye ukuta, inafaa sana. Kwa kazi ya kutundikwa, sijaona bado.

Kalamu ya Note yangu imeanguka baharini nikiwa kwenye feri ya Likoni. Lazima ninunue ileile?

Kwa kuandika tu, si lazima. Kalamu za Note nyingi huandika kwenye Note nyingine, kwa kuwa mawimbi yao ni yaleyale, hata kama haitaingia vizuri kwenye tundu. Usiilazimishe kuingia. Za zile simu za kukunja za Fold ni mbali, usinunue hizo. Na safari hii ifunge uzi.