RNA yenye sumu haioshwi

Swali: Kaka yangu ana miaka 31. Akishika kitasa cha mlango, vidole vinakawia kuachia. Kipimo cha jeni kimeonyesha distrofi ya miotonia, ugonjwa wa kurithi wa misuli: herufi CTG za jeni zimejirudia mara 400. Hapa Mombasa kuna mtu anatuuzia dawa ya siku 40 ya "kuosha sumu ya RNA". Anasema ndiyo ile kemikali inayobadilisha RNA. Tumpe? (Msomaji, Kisauni)

Jibu: Msimpe, dada. Kama ameshaanza, aache leo.

Neno "sumu" ndilo linaloponza watu. Wakilisikia wanafikiria uchafu kwenye damu, basi ni kuumikwa, kuharishwa, kukojozwa. RNA hii, yaani nakala ya jeni yenye kasoro, haizunguki kwenye damu ikisubiri kuoshwa. Imenasa ndani ya kiini cha seli ya msuli. Marudio yake ya CUG (ndivyo CTG ya jeni inavyonakiliwa kwenye RNA) hujikunja kama pini ya nywele, na mkunjo huo hunasa protini iitwayo MBNL, ambayo kazi yake ni kuongoza ukataji na uungaji wa RNA nyingine. MBNL ikikosekana, mifereji ya kloraidi, inayosaidia msuli kutulia, huundwa vibaya, na msuli ukishakaza haulegei upesi. Ndicho kinachomtokea kaka yako pale kitasani. Na hata RNA hiyo ingeondolewa yote, jeni yenye kasoro, iitwayo DMPK, kwenye kromosomu 19 ingetoa nyingine.

Kemikali anayoitaja ipo, lakini ni ya maabara. Molekuli yake ina pande mbili: upande mmoja unautambua mkunjo wa CUG, wa pili unajifunga humo bila kuachia au unaikata RNA. Watafiti waliwahi kuunganisha klorambusili, dawa ya saratani, na molekuli inayotambua CUG, wakaijaribu kwenye seli za wagonjwa. Ugumu wote uko kwenye huo utambuzi. Klorambusili ikiwa peke yake hushika DNA na kuumiza uboho. Anayekuambia chupa yake ya majani inafanya kazi hiyo akuonyeshe ni nini ndani yake kinachoitofautisha RNA ya CUG na nyingine zote. Hawezi.

Wauzaji hawa wananiudhi kwa sababu madhara ni ya kweli. Dawa za kuharisha na kukojoza hushusha potasiamu, na ugonjwa huu tayari hudhoofisha njia za umeme wa moyo. Mtu anaweza kuanguka ghafla.

Kaka yako apimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, sasa, kisha kila mwaka hata kama hasikii chochote. PR, yaani muda wa umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo hadi vya chini, ikizidi milisekunde 200, aonwe na daktari wa moyo. Dawa iitwayo meksiletini husaidia mikono inayokaza, lakini haianzwi kabla ya ECG. Wewe pia, kama mzazi wenu mmoja anayo jeni hii yenye kasoro, una nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi.

Na kabla ya nusu kaputi yoyote, hata ya jino, amwambie mtoa usingizi. Suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa nusu kaputi, kwake inaweza kukaza taya hadi mrija wa hewa usipite, na dawa kali za maumivu zinaweza kumkatisha pumzi saa kadhaa baada ya upasuaji. Aiandike kwenye karatasi, aiweke pamoja na kitambulisho.