Mwanangu, nimechagua vali ya chuma

Mueni mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unauliza mbona nichague vali ya chuma, huo mlango wa damu ndani ya moyo, itakayonifunga kwa dawa maisha yote, na daktari alitaja pia ile ya tishu za ng'ombe. Una haki ya kuuliza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu pumzi hunikatika.

Unajua ugonjwa huu ulianza na koo nilipokuwa msichana. Koo lilipona, ikafuata homa ya baridi yabisi iliyokula vali polepole. Zile sindano za penisilini nilizokuwa nikirudi nazo nikichechemea zilikuwa za kuzuia homa isirudi, si za kuponya vali. Sasa imekakamaa, imejaa makovu, hata kuipanua kwa puto haiwezekani. Ni kuibadilisha tu.

Jambo ambalo sikukueleza ni hili. Moyo wangu unapiga bila mpangilio, na damu ikituama ndani yake huganda. Bonge moja likipanda kichwani ni kiharusi. Ndiyo maana warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, nameza tayari, na vali ya ng'ombe isingeniondolea. Ningebaki na dawa ileile, halafu baada ya miaka 10 au 15 vali ichakae, nipasuliwe kifua tena nikiwa mzee. Kupasuliwa mara moja nimekubali, mama. Mara ya pili, kama kuna njia ya kuikwepa, naikwepa.

Dawa yenyewe nimeizoea. Inataka utaratibu: kidonge jioni saa ileile, na kupima INR, kipimo cha damu inavyochukua muda kuganda, bila kukosa. Jirani aliniambia niache sukuma wiki kabisa. Sikuiacha. Vitamini K iliyomo huipunguzia dawa nguvu, kwa hiyo nakula kiasi kilekile, kile kibakuli cha bluu, hakijai zaidi wala hakipungui. Nikienda kwa shangazi yako nikarundikiwa mboga za managu, ndipo kipimo huharibika. Dawa za maumivu za kujinunulia dukani sigusi.

Hofu ninayo. Watausimamisha moyo, mashine ishike kazi yake. Nilimwuliza daktari kama kuna wasioamka, akanijibu bila kunizungusha kwamba wapo. Bado nikasema ndiyo. Ngazi za hapa Umoja nazipanda nikisimama kila baada ya hatua chache, na usiku nalala nimeegemea mito, karibu kukaa. Hali hii nayo inaua, tena bila kukupa nafasi ya kuchagua siku.

Lile koo la Musyoka ulilolitaja kwa kupita tu, usilitibu kwa asali na ndimu. Mpeleke akaangaliwe leo, na akiandikiwa dawa azimalize, hata kesho akiamka anacheza mpira.

Juma la upasuaji njoo Nairobi. Uje na binamu zako, kwani hospitali inataka watu wa kuchangia damu. Waambie wale vizuri kabla ya kufika.

Mama yako